Laki Tatu kwa Shubiri Mbili za Ukuta

Mpwa wangu alinikopa shilingi laki tatu, akaapa kwa jina la bibi yake, ambaye ndiye mama yangu mzazi, kwamba mwezi ukiandama nitaziona. Mwezi ukaandama, ukaandama mwingine, Ramadhani ikaingia ikatoka, Idi tukala, naye kila nikimpigia simu yuko "kwenye mchakato". Kukopa harusi, kulipa matanga. Hilo nalijua tangu utoto. Nisilolijua ni kwamba deni linaweza pia kulipwa kwa sanaa dhahania.

Nimelipwa, basi. Vipande vitatu vya kanvasi, kila kimoja mraba wa sentimita 60, vina rangi ya kijivu, buluu iliyochoka, na mistari myekundu ambayo kila ikikaribia kukutana inaghairi. Nyuma ya kipande cha kwanza pamebandikwa maagizo: kati ya kipande na kipande iachwe nafasi ya shubiri moja, kwa kuwa nafasi hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Nikamuuliza, "Sasa hapa laki tatu yangu imekaaje?"

"Anko, huwezi kuigawa. Vipande bila nafasi ni nguo na mbao tu, nafasi bila vipande ni ukuta tu. Kazi ni vyote vitano."

Vyote vitano. Vitatu vinashikika, viwili havishikiki. Kwa hesabu yoyote ya duka la Mangi, laki moja na elfu ishirini katika fedha zangu zimerudi nyumbani zikiwa hewa.

Dalili zilikuwepo tangu siku aliponialika kwenye maonyesho yake, katika ukumbi mmoja wa upande wa baharini ambako hata mlinzi wa getini ananong'ona. Nilivaa shati la mikono mirefu. Kuta nyeupe, taa nyeupe, watu wengi wamevaa nyeusi. Mtu anasimama mbele ya picha, anakunja mikono kifuani, anainamisha kichwa upande mmoja, anarudi hatua mbili nyuma, anamkanyaga aliye nyuma yake, anaomba radhi, halafu anasema "mmh". Hiyo "mmh" niliichunguza sana maana sikuwa na kingine cha kuchunguza. Ipo fupi, ya mtu anayetaka kusogea kwenye meza ya sambusa bila kuonekana ana haraka. Ipo ndefu yenye kupanda mwishoni, ya mtu aliyekuja na mwenzake na anataka mwenzake aanze kueleza. Na ipo ile ya kufumba macho, ambayo ni ya wenye uwezo wa kununua, na mwenye ukumbi akiisikia anasogea.

Picha yenyewe haikunikosea kitu. Rangi ni rangi. Kikaratasi cha pembeni ndicho kilichonichefua. Pale ukutani, kimo cha macho, kulikuwa na maandishi kwamba kazi ile "inahoji utambuzi, mpasuko na maeneo yaliyo katikati, ambamo mtazamaji anaalikwa kujikusanya upya". Kujikusanya upya! Nimetoka Tabata kwa daladala mbili, nimesimama njia nzima, kwapa la jirani yangu kwenye sikio langu, kiatu kimoja kimekanyagwa na ndoo ya samaki. Kama kuna mtu ndani ya ukumbi ule aliyehitaji kujikusanya alikuwa mimi, na hakuna aliyenipa hata kiti. Kumbi za sanaa hazina viti. Nadhani wanaogopa mtu akikaa ataacha kuhoji utambuzi.

Mama mmoja mwenye miwani mikubwa akanisogelea, akaniuliza kwa upole kazi ile inanipa hisia gani. Nikamwambia ukweli: msanii ana deni. Akafumba macho.

"Kweli kabisa," akasema. "Kila msanii ana deni kwa jamii yake."

Nikamwambia, "Langu ni laki tatu."

Akasema "mmh", ile fupi, akaenda zake kwenye sambusa.

Turudi nyumbani. Siku vipande vilipofika, swali la kwanza la mama watoto lilikuwa la maana kuliko yote yaliyoulizwa ukumbini: juu ni wapi? Nikageuza kipande huku na huku. Mchoro wa Tingatinga hauna taabu hiyo. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vibao vya mraba na kwa rangi za kupakia baiskeli, alimwekea chui wake macho mawili na miguu minne, mteja akajua bila kuuliza kwamba miguu inakaa chini. Hapa hakuna chui. Nikampigia msanii, simu haipatikani. Nikaingia mtandaoni kutafuta wenye shida hiyo, na nilichokikuta huko kimeniondolea heshima niliyokuwa nayo kwa makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Kuna Mholanzi aliyeitwa Piet Mondrian, bingwa wa mistari iliyonyooka na rangi tatu. Mwaka 1941 alibandika tepu za rangi kwenye kanvasi, kazi ikaitwa New York City I. Ikaonyeshwa New York mwaka 1945, yeye akiwa ameshafariki, na baadaye ikaenda kukaa Düsseldorf, Ujerumani. Miaka yote hiyo maprofesa wamesimama mbele yake wakitoa "mmh" zao. Mwaka 2022 mtunzaji mmoja pale Düsseldorf akaangalia picha ya kamera iliyopigwa studioni kwa Mondrian mwaka 1944, akaona kazi imesimama kinyume: mistari iliyosongamana chini kwao, kwa mwenyewe ilikuwa juu. Kichwa chini, miguu juu, zaidi ya miaka 75! Na hawakuigeuza. Walisema tepu zimezeeka, gundi imekauka, ikigeuzwa zitanyofoka. Kwa hiyo ipo vilevile, kichwa chini, na watu wanalipa kiingilio.

Kabla ya hapo, mwaka 1961, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalitundika Le Bateau ya Henri Matisse, karatasi zilizokatwa kuonyesha boti na kivuli chake majini. Wakaitundika chini juu. Ikakaa siku 47, watu wakiingia na kutoka. Aliyegundua hakuwa profesa, alikuwa mama mmoja dalali wa hisa, aliyejiuliza kwa nini mchoraji akitie madoido kivuli kuliko boti lenyewe. Akamwambia mlinzi, mlinzi akampuuza. Akaenda kulieleza gazeti, na kazi ikageuzwa. Nampenda mama huyo bila kumjua. Angekuwa Tabata ningemkabidhi kesi yangu.

Fundi aliyekuja kutundika ni fundi wa madishi, maana ndiye mwenye drili na ngazi mtaani kwetu. Hapo nieleze kuhusu ukuta. Ukuta wa sebule yetu una ufa. Umeanzia kona ya chini ya dirisha, umekata kushoto, umeshuka hadi karibu na soketi, na mahali pengine unaweza kuingiza sarafu ya shilingi mia ikasimama. Mtoto amejaribu, na sarafu haijarudi hadi leo. Mwenye nyumba tumemwambia. Kila tukimwambia anasema analishughulikia. Najua mnachotaka kunikumbusha kuhusu kutoziba ufa na kujenga ukuta, lakini methali ile ilitungwa kwa watu wenye nyumba zao. Mpangaji akiziba ufa anakuwa amemjengea mwenzake.

Fundi akagonga karibu na ufa, plasta ikamwagika gilasi nzima. Akasogea kulia, ikamwagika nusu gilasi. Mwishowe tukakubaliana kipande cha pili kikae upande huu wa ufa na cha tatu upande ule, ufa wenyewe ubaki katikati, ndani ya ile shubiri ya pili.

"Shubiri ya nani?" fundi akauliza.

Hilo maagizo hayakusema. Mpwa wangu ni mtu wa futi sita na vidole vya mpiga piano. Mama watoto ana mkono mdogo, ndiyo maana akinipimia nyama kwa kiganja nalala njaa. Fundi akanyoosha wake, tukaona haufai kabisa, kwani dole gumba la kulia liliishia kwenye msumeno wa umeme zamani hizo akiwa seremala. Tukabishana hadi chai ikapoa. Mama watoto akamaliza kikao: "Tumia ya kwako. Si wewe uliyelipwa?" Nikanyoosha vidole kadiri ya uwezo wangu, kwa sababu kama nafasi ni sehemu ya malipo, sikuona kwa nini nijipunje.

Fundi akaweka pimamaji juu ya kipande cha kwanza, povu likatulia katikati, akasema kimenyooka. Mama watoto akasema kimepinda. Fundi akasema kilichopinda ni nyumba.

Tangu hapo sebule yetu imekuwa zahanati ya macho. Mjumbe wa mtaa aliingia kuomba mchango, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini kama na sisi tumepimiwa, maana alichokiona ni ramani ya viwanja na barabara inapita juu ya choo chake. Shemeji yangu anaona mwanamke amelala ubavu. Mara anamwona, mara anampoteza, na akimpata analazimika kutuonyesha wote kwa kijiti cha meno. Mwanangu wa darasa la tano anaona swali la hesabu alilokosa. Jirani wa chumba cha uani aliangalia muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema poleni, akadhani ni vipande vya ukuta vilivyobanduka na tumevishikiza kwa muda.

Mpwa nilipomweleza hayo kwenye simu (siku hizi inapatikana, maana hadaiwi) alifurahi mno, akanirushia picha ya chombo cheupe kwenye giza. Ukitazama chombo, unaona chombo. Ukitazama giza la pembeni, unaona nyuso mbili zinazotazamana. Mwanasaikolojia wa Denmark aitwaye Edgar Rubin aliichapisha mwaka 1915 kuonyesha kwamba jicho haliwezi kukamata vyote kwa pamoja: kimoja kikija mbele, kingine kinarudi kuwa usuli tu. "Hapo katikati, Anko, ndipo ninapofanyia kazi," akasema. Nikamjibu kwamba mimi napofanyia kazi ni mjini, na nauli imepanda.

Lakini kijana hachoki. Mwaka huohuo wa 1915, akaendelea, Kazimir Malevich alionyesha mraba mweusi kule Petrograd, mweusi tii ndani ya mpaka mweupe, na akautundika juu kabisa kwenye kona, karibu na dari, mahali ambapo Warusi wa Kiorthodoksi nyumbani kwao huweka picha takatifu. Watu wakakasirika. Leo mraba huo uko Moscow, umejaa nyufa, na ndani ya nyufa zinachungulia rangi za mchoro mwingine uliofunikwa chini yake. Wataalamu wameupiga eksirei na kukuta habari ndefu. Nilimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa salio lililokuwa likiisha ni lake.

Sasa msije mkanichukulia kuwa mimi ni mzee wa ushamba ninayetaka kila picha iwe na twiga na Mlima Kilimanjaro. Picha isiyo na kichwa wala miguu haikuja kwetu kwa ndege. Nendeni Mwenge kwenye vinyago. Wamakonde wana mtindo wanaouita mawingu: gogo la mpingo limepindwa, limetobolewa, hakuna jicho wala mdomo, kuna mikunjo inayozungukana na tundu katikati ambalo ukichungulia unaona mwanga wa upande wa pili na mguu wa mteja mwingine. Kabla yake kulikuwa na mashetani, yale maumbo ya jicho moja na masikio yaliyohama mahali pake, ambayo husemwa yaliletwa na mchongaji Samaki Likankoa miaka ya 1950. Na huyo Picasso mnayemsikia, mwaka 1907 alikwenda kwenye jumba la Trocadéro jijini Paris, akakuta vinyago vya Afrika, akarudi kuvunjavunja nyuso za wanawake kwenye kanvasi, dunia nzima ikapiga makofi. Sisi vinyago vyenyewe tuliviita ushirikina tukavificha wageni wakija.

Baba yangu alikuwa na wingu moja, limekaa juu ya redio miaka mingi. Nilikuwa nikilikagua nikiwa mgonjwa na shule nimesamehewa. Ndani ya tundu, mahali ambapo jicho halifiki vizuri, kidole kinakuta alama za patasi, vijifereji vifupi vilivyolala upande mmoja. Pale msasa haukuweza kuingia, mchongaji ameacha mkono wake. Mpingo unavunja vyuma. Mtu aliyetoboa tundu lile ametoka jasho kwa kila sentimita ya utupu ule. Ndiyo maana ukifika Mwenge ukamuuliza mwenyewe ni kitu gani hiki, atakwambia, "Mawingu," halafu atataja bei. Hana kikaratasi. Hakualiki ujikusanye popote. Kama hutaki kununua, pisha wenzako.

Hapo ndipo ugomvi wangu na mpwa ulipo, na ninausema mbele ya umma ili ukoo usije ukanibadilishia maneno. Nafasi tupu sina ubaya nayo, mradi mtu aitengeneze. Mtaliano Lucio Fontana kuanzia mwaka 1958 alichukua kisu akachana kanvasi, mchano mmoja mrefu, nyuma yake giza. Watu walinung'unika, mimi simsemi: kachana yeye, kanvasi yake, kisu chake. Lakini mpwa wangu nafasi yake kaifanyia nini? Hajaichonga, hajaichana, hajaipaka. Ameandika tu iachwe. Ukuta si wake, plasta si yake, misumari nimenunua mimi, shubiri ni ya kwangu. Yeye kaja kuisaini.

Nilipomweleza hoja hiyo alicheka, akasema nimechelewa miaka mingi. Mfaransa Yves Klein, mwaka 1958, alialika watu wa Paris kwenye ukumbi aliouondolea kila kitu ndani na kuupaka rangi nyeupe. Wakaja wakajaa. Baadaye akaanza kuuza utupu wenyewe kwa dhahabu na kukata risiti. Mnunuzi akitaka utupu uwe wake kabisa, anachoma risiti moto, na Klein anatupa nusu ya dhahabu mtoni Seine. Risiti mojawapo ambayo haikuchomwa ilipigwa mnada Paris mwaka 2022 ikavuka yuro milioni 1. Mama watoto, aliyekuwa akikuna nazi huku anasikiliza, aliuliza swali moja tu: ile nusu nyingine ya dhahabu ilikwenda wapi?

Mwaka 2021, pale Italia, Salvatore Garau aliuza kwa yuro 15,000 sanamu isiyoonekana. Haipo. Mnunuzi alipewa hati. Na mwaka huohuo makumbusho ya Aalborg, Denmark, yalimkabidhi msanii Jens Haaning zaidi ya krona laki 5 taslimu azibandike kwenye fremu ili zionekane kama mapato ya mwaka ya mfanyakazi. Akawapelekea fremu mbili tupu. Jina la kazi, kwa Kiswahili chetu: chukua hela utimue. Makumbusho yakazionyesha, kisha yakamshtaki. Mwaka 2023 mahakama ya Copenhagen ikaamuru arudishe fedha, ikamkatia ujira wake tu. Niliposoma hukumu hiyo nilisimama. Hii sasa ndiyo sanaa ninayoielewa! Nikamsomea mama watoto. Akaniuliza hiyo ya Copenhagen ni mahakama ya mwanzo au ya wilaya, na kama hati ya kesi inafika Tabata.

Hatukuwahi kuifikisha popote, kwa sababu Jumapili moja mpwa alikuja kula pilau, na kabla hajanawa mikono tukasikia hodi ya fimbo mlangoni. Mwenye nyumba wetu ni mzee mstaafu mwenye kofia ya kiua na macho yanayohesabu. Hakuketi. Alisimama katikati ya sebule akahesabu misumari kwa fimbo: moja, mbili, hadi sita.

"Mwandishi," akaniambia, "mkataba unasemaje kuhusu misumari?"

Mkataba unasema misumari marufuku. Nikaanza kueleza kwamba ni kazi ya sanaa, nikamsukumia mpwa mbele ajitetee. Mpwa akaamkia, akaeleza. Akaeleza utambuzi, akaeleza mpasuko, akaeleza maeneo yaliyo katikati. Mzee akatoa miwani mfuko wa shati, akasogea, akasoma maagizo ambayo mama watoto alikuwa ameyahamishia chini ya kipande cha kwanza ili wageni waache kutuuliza. Alisoma taratibu, mdomo ukitembea. Halafu akarudi hatua mbili nyuma, akainamisha kichwa upande mmoja. Nikasema moyoni, yarabi, na huyu pia.

"Kijana. Hii nafasi hapa, na hii hapa. Unasema ni sehemu ya picha?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo roho yake hasa."

"Na ukuta huu ni wa nani?"

"Wa kwako, mzee."

"Basi hapa pana vitu vitano, na viwili ni vyangu."

Mpwa wangu akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani amebanwa, kumbe furaha! Akaniambia huyu mzee ndiye mtu wa kwanza kuielewa kazi yake tangu aanze kuchora; kwamba swali la nani anamiliki katikati ndilo analolihangaikia usiku na mchana, na wasomi wote wa pale ukumbini hawakuliona. Mzee akajibu kwamba yeye kiwanja hiki amekipigania barazani miaka kumi na moja, mambo ya katikati anayajua. Mpaka wa kaskazini, akasema, ulikuwa mchongoma, ukang'olewa usiku. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Mpwa akamvutia kiti, kiti changu, mzee akakubali pilau, na kati ya kijiko na kijiko wakapanga kwamba kazi ikiuzwa nje, mzee apate fungu lake, na kabla haijauzwa, kwa kuwa shubiri zangu mbili zinakaa bure mahali pa kibiashara, kodi iangaliwe upya.

Nikafungua mdomo. Mama watoto akanitangulia, kasimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Umesema hiyo nafasi ya pili ni yako."

"Yangu kabisa. Umesikia hata mwenye kuchora kakiri."

"Alhamdulillahi. Na huo ufa ulio ndani yake?"

Mzee akatafuna kwa muda mrefu nyama ambayo, nijuavyo mimi, ilikuwa laini. Ufa ulikuwa pale nyuma ya kofia yake, umeshuka kutoka dirishani kupita kati ya kipande cha pili na cha tatu hadi kwenye soketi, na sarafu yetu ya shilingi mia ndani.

"Fundi anakuja lini?" akauliza mama watoto. "Jumatatu au Jumanne? Maana picha ni ya watu wawili sasa, haifai ikiharibikia upande wako."

Katika miaka yote ya ndoa sijawahi kujivunia mwanamke yule kiasi kile. Mzee akaweka kijiko chini. Akakohoa. Akaanza kusema saruji imepanda, na akiangalia hali ilivyo, labda baada ya mvua, na mimi nilikuwa tayari nimeshaona sebule imezibwa, imepakwa rangi, bila senti yangu kutoka, mpwa wangu alipoinuka kitini na mkono wenye wali hewani.

"Anti, tafadhali! Ufa usiguswe!"

"Usi-nini?"

"Usiguswe. Ufa ndio unaoifanya kazi ipumue. Mimi sikuupanga, umekuja wenyewe, angalia mstari mwekundu unavyoishia hapa na ufa unavyoupokea. Hata Malevich mraba wake una nyufa, na hakuna mtu Moscow anayezipaka saruji. Mkiuziba mmeiua kazi, na thamani yake imekwisha, yenu na ya mzee."

Mzee alikuwa ameshasimama. Alipangusa mikono, akaweka kofia sawa, akamshika mpwa wangu bega kwa upendo ambao sijawahi kuuona kwake hata siku niliyolipa kodi ya mwaka mzima.

"Mmesikia wenyewe," akatuambia. "Mimi niko tayari hata kesho. Msanii kakataa."

Akatoa kitabu cha risiti, akalamba kidole, akauliza kama ya miezi sita nitatoa taslimu au kwa simu.